MSTARI WA MPAKA NA HAKI YA KURA
Somo juu ya uchaguzi wa Baraza la Kaunti ya Los Angeles

Somo hili limetayarishwa kwa faida ya watumishi wa Serikali, hususan wale waliomo katika Mabaraza ya Manispaa, Mabaraza ya Miji na Halmashauri za Wilaya, na kwa wananchi wote wanaopenda kuelewa vipi vyombo vya utawala wa wenyeji hupatikana. Aghalabu tunapouzungumzia uchaguzi, mawazo yetu hukimbilia siku ya kupiga kura: foleni ya alfajiri, wino kidoleni, sanduku, na hesabu ya usiku. Leo tutaitazama kazi inayotangulia siku hiyo, pengine kwa miaka mingi, inayofanywa mezani kwa ramani na kalamu. Nayo ni kazi ya kukata mipaka ya maeneo ya uchaguzi.

Sisi wenyewe twajua kwamba mipaka hiyo si kitu cha kudumu. Katika uchaguzi wa mwaka 2015 Zanzibar ilikuwa na majimbo 54. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 yalikuwa 50. Kila jimbo linapounganishwa au kukatwa, wapo wananchi wanaolala chini ya mwakilishi mmoja na kuamka chini ya mwingine, wala hawakuhama nyumba.

Mfano tuliouchagua watoka mbali, nchini Marekani. Tumeuchagua kwa kuwa shauri lake lilifikishwa mahakamani, mashahidi wakahojiwa, kumbukumbu za ofisi zikafunguliwa, na majaji wakaandika bayana yale ambayo kwa kawaida husemwa kwa kunong'onezana.

BARAZA LENYEWE

Marekani imegawika katika majimbo 50, na majimbo karibu yote yamegawika tena katika kaunti. Kaunti ya Los Angeles imo katika jimbo la California, ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki. Ilianzishwa mwaka 1850, ikiwa na watu elfu chache tu, na mwaka 1852 wenyeji wake wakachagua Baraza la kwanza la wajumbe watano. Wajumbe hao huitwa Wasimamizi. Kaunti imegawiwa katika maeneo matano, na kila eneo huchagua mjumbe wake mmoja. Msomaji asichanganye "eneo" hilo na "jimbo". Katika somo hili tutatumia neno jimbo kwa California peke yake.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu katika kaunti hiyo watu 10,014,009. Wajumbe wa Baraza walikuwa bado watano. Kwa hivyo kila mmoja alikuwa akiwawakilisha watu wapatao milioni mbili, ambao ni wengi kuliko wakaazi wote wa Unguja na Pemba kwa sensa ya mwaka 2022, iliyotupata sisi 1,889,773. Diwani wetu wa wadi anaweza kuwajua wapiga kura wake kwa majina ya baba zao. Msimamizi wa Los Angeles hawezi hata akitaka.

Na kazi ya Baraza hilo si ndogo. Ndani ya kaunti imo miji 88 yenye mabaraza yake, ukiwemo mji wa Los Angeles wenyewe. Lakini watu wapatao milioni moja wanaishi nje ya mipaka ya mji wowote, na kwao Baraza la Kaunti ndilo serikali yao ya pekee ya karibu. Kwa wakaazi wote, wa mjini na wa nje, Baraza ndilo linaloendesha hospitali za umma, kinga ya maradhi, misaada kwa mafukara, ulinzi wa watoto waliotelekezwa, uandikishaji wa hati za nyumba na viwanja, na hata uendeshaji wa uchaguzi wenyewe. Bajeti yake imepindukia dola bilioni 40 kwa mwaka, na watumishi wake ni zaidi ya laki moja. Baraza hutunga kanuni na papo hapo husimamia utekelezaji wake. Si ajabu kwamba wenyeji waliwabandika wajumbe wake jina la "wafalme wadogo watano".

Visiwa navyo vimo. Kisiwa cha Santa Catalina, chenye mji mdogo wa Avalon, ni sehemu ya kaunti hiyo, na wakaazi wake hupiga kura pamoja na watu wa bara wa eneo la nne.

Utaratibu wa kuchagua ni mwepisi kuueleza. Kipindi cha mjumbe ni miaka minne. Karatasi ya kura haionyeshi chama cha mgombea. Wote wanaogombea eneo moja hushindana kwanza katika duru ya mwanzo. Akitokea mmoja aliyepata zaidi ya nusu ya kura zote, huyo amekwisha kushinda. Asipotokea, wawili waliotangulia hukutana tena mwezi wa Novemba. Maeneo yote hayachaguliwi mwaka mmoja: eneo la pili, la nne na la tano huchagua katika mwaka wa uchaguzi wa Rais, na la kwanza na la tatu miaka miwili baadaye.

Kwa maandishi, basi, kila kitu ni cha haki. Kila mtu mzima aliyejiandikisha ana kura yake moja, sanduku halikuibwa, na hesabu husomwa hadharani. Na bado, tangu mwaka 1875 hadi mwaka 1991, Baraza hilo halikupata kuwa na mjumbe hata mmoja mwenye asili ya Meksiko au nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, ilhali watu hao, ambao kwa ufupi tutawaita Walatino, walikuwa asilimia 27.6 ya wakaazi wa kaunti kwa sensa ya mwaka 1980. Ardhi yenyewe ilikuwa sehemu ya Meksiko mpaka vita vya 1846 hadi 1848, na jina la Los Angeles ni la Kihispania.

VIPI KURA HUPOTEA BILA YA KUIBWA

Tuchukue mfano wa kubuni. Kisiwa kina wakaazi 500, nacho chapaswa kuchagua wajumbe watano, kila mmoja kutoka eneo la watu 100. Kati ya wakaazi hao, 150 ni wavuvi, na haja yao kubwa ni diko jipya. Waliobaki 350 ni wakulima, na haja yao ni barabara ya shambani. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu, kwamba kila mtu humchagua mwenzake wa kazi.

Mkata mipaka akiwatawanya wavuvi kwa usawa, kila eneo litakuwa na wavuvi 30 na wakulima 70. Wavuvi watashindwa mara tano, na hawatakuwa na mjumbe hata mmoja. Akiwarundika katika eneo moja, litakuwa na wavuvi 100, na 50 waliobaki watagawika kwengine. Watapata mjumbe mmoja. Akiwagawa 75 na 75 katika maeneo mawili, watapata wajumbe wawili. Watu ni wale wale, kura ni zile zile, na siku ya uchaguzi hakuna aliyezuiwa kuingia kituoni. Diko limejengwa au halikujengwa kwa kalamu ya aliyechora.

Sasa swali linalofuata ni la wazi: kalamu imo mkononi mwa nani? Los Angeles, hadi miaka ya karibuni, ilikuwa mkononi mwa Wasimamizi wenyewe. Kila baada ya sensa walikaa, na kwa kura nne kati ya tano wakapitisha ramani ya maeneo ambayo wao wenyewe wangegombea tena.

YALIYOTOKEA

Mwaka 1958 mgombea wa Kilatino, Edward Roybal, aligombea nafasi iliyokuwa wazi katika eneo la tatu. Ushindani ulikuwa wa karibu sana, hesabu ikarudiwa, na mwisho wake akatangazwa kushindwa na Ernest Debs. Mwaka uliofuata, 1959, Baraza lilisogeza mpaka wa eneo hilo upande wa magharibi, likaingiza sehemu kama Beverly Hills, ambako Walatino walikuwa haba. Roybal hakungoja; mwaka 1962 alichaguliwa kuingia Bunge la Taifa, na huko akatumikia miaka 30. Lakini katika eneo la tatu mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Ramani iliyokuja kuleta kesi ni ile ya mwaka 1981. Sensa ya 1980 ilikuwa imeonyesha kwamba Walatino wameongezeka sana, na kwamba wengi wao wanaishi pamoja, mashariki ya katikati ya mji na kuelekea bonde la San Gabriel. Mtu angelizungushia mstari bonde hilo na mitaa hiyo, eneo moja lenye wapiga kura wengi wa Kilatino lingelipatikana bila ya taabu. Badala yake mpaka wa zamani baina ya eneo la kwanza na la tatu ulibakishwa takriban pale pale, ukipita katikati yao, na kila upande wakawa wachache.

Mwaka 1988 baadhi ya wananchi, akiwemo Yolanda Garza ambaye kesi ilipewa jina lake, walifungua shauri. Serikali ya Marekani nayo, kupitia Wizara ya Sheria, ikaishitaki kaunti mwaka huo huo. Sheria waliyoitegemea ni Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, ambayo ilirekebishwa mwaka 1982 ili mlalamikaji asilazimike kuthibitisha nia mbaya, bali atosheke kuonyesha athari.

Walalamikaji walithibitisha yote mawili. Jaji David Kenyon alitoa hukumu tarehe 4 Juni, 1990, siku moja tu kabla ya duru ya mwanzo ya uchaguzi wa mwaka huo. Alikuta kwamba Wasimamizi hawakuwa lazima wanawachukia Walatino; walitaka kulinda viti vyao. Lakini walifahamu vyema kwamba viti hivyo visingelindika ila kwa kuugawa umma huo, nao wakaugawa. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye tarehe 2 Novemba, 1990. Jaji mmoja wa rufaa alilieleza jambo hili kwa mfano ambao haukuhitaji mwanasheria kuufahamu: mtu anaweza asiwe na chuki yoyote kwa watu wa asili nyengine, na hata hivyo akaafikiana na majirani zake wasiwauzie nyumba, kwa kuhofia kuwa bei za mtaa zitashuka. Moyoni hana chuki, lakini ubaguzi ameufanya, na ameufanya kwa makusudi.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa na kila mtumishi wa ofisi. Wengi hudhani kwamba uamuzi wa kibaguzi ni ule unaotolewa na mtu mwenye ghadhabu. Uamuzi uliohukumiwa Los Angeles ulitolewa na watu watulivu, katika kikao halali, kwa akidi iliyotimia, na kumbukumbu zikawekwa.

Ramani mpya ikawekwa kwa amri ya mahakama, na kura iliyopigwa mwezi wa Juni katika eneo la kwanza ikawa haina kazi. Uchaguzi maalumu ulifanyika mwanzoni mwa mwaka 1991, na katika marudio ya tarehe 19 Februari Gloria Molina alimshinda Art Torres. Wote wawili walikuwa Walatino. Molina, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto kumi, alikuwa pia mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Baraza hilo. Mwanamke aliyemtangulia, Yvonne Brathwaite Burke, aliingia mwaka 1979 kwa kuteuliwa, na mwaka uliofuata alishindwa kwenye kura. Kiti kimoja kilitosha kuubadilisha wingi ndani ya Baraza la watu watano, na pamoja nao mwelekeo wa maamuzi juu ya hospitali na misaada.

MWAKILISHI NI WA NANI?

Ndani ya shauri hilo mlikuwa na swali jengine, ambalo kwa rai yetu ni zito kuliko lile la kwanza, na halikupata kusikilikana sana nje ya mahakama.

Kaunti ilijitetea hivi. Eneo jipya la kwanza litakuwa na watu sawa na maeneo mengine, lakini wengi wao ni watoto, au wahamiaji ambao bado si raia na hawapigi kura. Kwa hivyo wapiga kura wa eneo hilo watakuwa wachache, na kura ya kila mmoja wao itakuwa na uzito mkubwa kuliko kura ya mtu wa eneo jengine. Je, hiyo ni haki? Utetezi huo haukuwa wa upuuzi. Yule jaji wa mfano wa nyumba aliukubali, na katika sehemu hiyo akatofautiana na wenzake.

Wenzake wawili waliukataa. Walisema kwamba Msimamizi hawahudumii wapiga kura peke yao. Mtoto anayepelekwa hospitali ya kaunti, mama asiye raia anayeleta malalamiko ya maji machafu, wote wana haki ya kumfikia mwakilishi na kusikilizwa naye. Maeneo yakisawazishwa kwa idadi ya wapiga kura, basi mwakilishi wa mtaa wenye watoto na wahamiaji wengi atakuwa na watu wengi mno wa kuwahudumia, na kila mmoja atapata sehemu ndogo ya muda wake kuliko wakaazi wa mitaa mengine. Mwaka 2016, katika shauri jengine lililotoka jimbo la Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba jimbo laweza kusawazisha maeneo yake kwa idadi ya watu wote. Haikuamua kama laweza pia kuyasawazisha kwa wapiga kura pekee.

Msomaji alipime hilo kwa hali anayoijua. Diwani anapokuja kuulizwa juu ya mtaro uliofurika, hamwombi anayeuliza kitambulisho cha kupigia kura kabla ya kumjibu. Anayeuliza huenda ni mpangaji aliyehamia mwezi uliopita, au mtoto aliyetumwa na bibi yake. Mtaro ni wa wote.

BAADA YA HAPO

Mabadiliko hayakuishia kwenye hukumu, ingawa yalichukua muda. Katika siku hizo mjumbe aliyekwisha kukaa kitini ilikuwa nadra kung'olewa. Kenneth Hahn alikaa miaka 40, tangu 1952 hadi 1992. Mwaka 2002 wapiga kura waliweka kikomo cha vipindi vitatu mfululizo. Binti yake, Janice Hahn, alichaguliwa mwaka 2016 katika eneo la nne, lile lenye visiwa. Uchaguzi wa mwaka 2020 ulipomalizika, wajumbe wote watano walikuwa wanawake.

Kalamu nayo iliondolewa mikononi mwa Wasimamizi. Sheria ya California ya mwaka 2016 iliunda tume ya wananchi 14 ya kukata mipaka ya kaunti hiyo. Wanane kati yao hupatikana kwa bahati nasibu kutoka orodha ya waombaji waliochujwa, na hao wanane huchagua sita waliobaki, ili wajumbe wa tume wafanane na kaunti yenyewe. Tume ya kwanza ilimaliza ramani yake mwezi wa Disemba, 2021, baada ya kuwasikiliza wakaazi. Hatusemi kwamba tume kama hiyo haiwezi kukosea. Ila angalau wakata mipaka hawakati mashamba yao wenyewe.

Limebaki suala la idadi. Mara kadhaa wananchi waliulizwa kama wanataka Baraza kubwa zaidi, na kila mara walikataa, kwa kuchelea gharama. Hatimaye mwezi wa Novemba, 2024, walikubali kwa wingi mdogo. Wajumbe wataongezeka kutoka watano hadi tisa, na kuanzia mwaka 2028 atachaguliwa mtendaji mkuu wa kaunti, ili anayetunga asiwe ndiye anayetekeleza.

Hapa yafaa tutaje tukio moja ambalo makarani na makatibu wa vikao watalielewa kuliko mtu mwengine yeyote. Mwaka 2020 wapiga kura walikuwa wamepitisha kifungu kinachotenga angalau asilimia 10 ya fedha fulani za kaunti kwa maendeleo ya mitaa na njia mbadala za kifungo. Kwa kosa la kiofisi, kifungu hicho hakikuingizwa katika nakala ya katiba ya kaunti. Pendekezo la mwaka 2024 liliandikwa juu ya nakala hiyo pungufu, likabadilisha sehemu nzima, na mwaka 2025 ikagunduliwa kwamba kile kilichopitishwa na wananchi mwaka 2020 kingefutika mwaka 2028 bila ya mtu yeyote kukusudia. Kura za mamilioni ya watu zilikuwa zimekwama katika jalada.

Maeneo tisa yatakatwa baada ya sensa ya mwaka 2030. Kila mjumbe atabaki na watu zaidi ya milioni moja, na mitaa iliyozoea kuwa pamoja tangu hukumu ya 1990 huenda ikatenganishwa tena, safari hii mbele ya tume na kwa hoja zitakazosikilizwa hadharani. Wakaazi wa Avalon nao, huko kisiwani, watangoja kuona wamewekwa pamoja na watu gani wa bara.